"SENILE" NA "SENESCENT": MANENO MAWILI YA KIINGEREZA JUU YA UZEE NA TAABU YA KUYAFASIRI KWA KISWAHILI

Mwanafunzi wa Kongo anayefungua kitabu cha utabibu au cha elimu ya mimea kilichoandikwa kwa Kiingereza hukutana mapema na maneno mawili yanayofanana kama watoto wa mama mmoja: "senile" na "senescent". Kwa kuwa ameshayajua katika sura yake ya Kifaransa, sénile na sénescent, hayamtishi. Huyapita kama mtu apitavyo jirani aliyemzoea. Taabu huanza siku atakapotakiwa kuyasema kwa Kiswahili mbele ya wauguzi, wakulima au jamaa za mgonjwa. Hapo maneno yote mawili humjia mdomoni kama neno moja tu, uzee. Jani la mhindi lina uzee, seli ina uzee, na bibi aliyesahau jina la mwanawe naye ana uzee. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo, ingawa yamechipuka katika shina moja, hayasemi jambo moja. Kwamba la pili laeleza mwendo ilhali la kwanza latoa hukumu. Na kwamba mfasiri anayeyachanganya aweza kumnyima mgonjwa matibabu yake.

Shina moja, viambishi viwili

Maneno yote mawili yametoka katika Kilatini, kwenye neno senex, yaani mzee. Ukoo wa neno hilo ni mkubwa, na si wote wa ukoo huo walioangukia katika unyonge. Senatus, baraza kuu la Warumi, lilikuwa baraza la wazee kwa jina lake. Senior, maana yake "aliye mzee zaidi", ndilo lililozaa seigneur ya Kifaransa, na ndani ya monsieur inayotamkwa kila siku katika mabarabara ya Lubumbashi na Kisangani umo uzee uliosahauliwa. Kwa hiyo seneta, monsieur na mtu anayeitwa "senile" ni watu wa mlango mmoja, jambo ambalo maseneta hawapendi kukumbushwa.

Kinachowatenga ndugu wawili wa makala hii ni viambishi tamati. "Senile" limetokana na senilis, na -ilis ya Kilatini huonyesha kuwa kitu ni cha namna fulani ya watu: puerilis ni cha mtoto, virilis ni cha mwanamume, senilis ni cha mzee. Ni sifa ya hali, wala haina mwendo ndani yake. "Senescent", kwa upande wake, limetokana na kitenzi senescere, ambamo -sc- ni alama ya kuanza na kuendelea kuwa. Kitu hakijafika, kimo njiani. Alama hiyo hiyo yaonekana katika maneno ya Kifaransa ambayo kila mwanafunzi huyajua: convalescent ni mgonjwa anayepata nafuu, adolescent ni kijana anayekua. Adulte nalo latokana na kitenzi kile kile cha adolescent, ila katika umbo la jambo lililokwisha. Kijana yumo safarini. Mtu mzima amefika.

Warumi waliweza kutumia senescere hata kwa mwezi. Ulipoanza kupungua baada ya kuwa mpevu, walisema kwamba unazeeka, na hakuna aliyedhani kuwa mwezi umetukanwa. Kiswahili nacho huuita mwezi ulioandama punde "mwezi mchanga", kwa neno lile lile la mtoto aliyezaliwa jana, ila hakikuendelea na picha hiyo mpaka mwisho wake.

Mwanasaikolojia wa Marekani G. Stanley Hall alitoa mwaka 1904 kitabu kikubwa juu ya ujana, akakiita "Adolescence". Mwaka 1922, akiwa ameshapita umri wa miaka 70, alitoa kingine juu ya nusu ya pili ya maisha, akakiita "Senescence". Vichwa hivyo viwili vimeundwa kwa kiambishi kimoja, na mtu anayevisoma pamoja huona safari moja yenye vituo viwili. Lau angalikiita kitabu cha pili "Senility", wasomaji wangalidhani kuwa ni kitabu cha magonjwa.

Jani na seli

Siku hizi "senescent" ni neno la wanasayansi zaidi ya kuwa neno la watu. Hakuna Mwingereza anayesema kwamba shangazi yake ni "senescent", isipokuwa kwa mzaha. Neno hilo limekaa hasa katika elimu ya mimea na elimu ya seli, na huko lina maana sahihi inayostahili kuelezwa.

Majani ya chini ya mhindi huanza kugeuka manjano wakati magunzi yanapojaa. Mkulima huona kwamba jani linakufa. Mwanabotania huona kazi kubwa. Kabla ya jani kuanguka, mmea huvunjavunja rangi ya kijani na protini zilizomo, na nitrojeni iliyokuwa ndani yake huondolewa na kupelekwa kwenye mbegu. Vivyo hivyo miti ya miombo ya Katanga, katika miezi ya kiangazi, haiyaachi majani yake mpaka imekwisha kuyanyang'anya mengi yanayofaa, na kabla mvua haijaanza hutoa majani mapya yenye wekundu unaowashangaza wageni. Jani "senescent", basi, ni jani linalorudisha mali ya nyumba kabla ya kuondoka. Kuliita jani hilo "bovu" ni kukosa shabaha kabisa.

Kwa upande wa seli, jambo lilianza na kosa. Kuanzia mwaka 1912 daktari Mfaransa Alexis Carrel, aliyefanya kazi New York, aliwaaminisha wataalamu kwamba seli za moyo wa kuku zikilishwa vizuri katika chupa huishi na kugawanyika bila kikomo. Imani hiyo ilidumu karibu nusu karne. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, mjini Philadelphia, walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara 50 hivi, kisha husimama. Hazifi mara moja. Huendelea kuishi, hula, hutoa vitu vyake, ila hazizai tena. Hali hiyo ndiyo iliyopewa jina la "senescence". Baadaye ilijulikana kwamba sababu mojawapo ni kufupika kwa ncha za kromosomu kila seli inapogawanyika, na waliofumbua siri ya ncha hizo, Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Katika mlango huu wote wa elimu, neno "senile" halina nafasi. Seli haiwezi kuwa "senile" kwa sababu haina akili ya kupotewa nayo.

Jinsi "senile" lilivyoanguka

Yafaa kukumbuka kwamba "senile" halikuzaliwa tusi. Lilipoingia katika Kiingereza, karne ya 17, lilikuwa na maana ya "-a uzee" na si zaidi. Mabaki ya maana hiyo yangaliko. Madaktari huita arcus senilis lile duara la kijivu linalotokea pembeni mwa kioo cha jicho kwa watu wenye umri mkubwa, na mwenye duara hilo aweza kuwa hakimu mkali kuliko wote mahakamani. Wanajiografia waliofuata nyayo za Mmarekani William Morris Davis, ambaye mwaka 1899 aligawa maisha ya nchi na mito yake katika ujana, utu uzima na uzee, waliweza kuandika kwamba nchi iliyosawazishwa na mmomonyoko ni "senile", na hakuna mto uliolalamika. Mahali pasipo akili ya kupotea, neno limebaki safi.

Kwa binadamu halikubaki safi. Mwaka 1838 daktari Mfaransa Esquirol, katika kitabu chake juu ya magonjwa ya akili, aliitenga démence sénile kuwa aina ya pekee ya kupotewa na akili, na Kiingereza nacho kikawa na "senile dementia". Maneno hayo mawili yalitembea pamoja muda mrefu hata la kwanza likameza maana ya la pili. Kufikia mwisho wa karne ya 19 haikuwa lazima tena kutaja "dementia". "Senile" peke yake lilitosha kusema kwamba mtu fulani hana akili zake. Kivumishi kilichokuwa kikieleza wakati wa ugonjwa kiligeuka kuwa ugonjwa wenyewe, na kwa kuwa maana yake ya zamani ilikuwa bado inasikika ndani yake, uzee wote ukatiwa doa.

Jambo hilo lilikwisha kubishaniwa zamani sana. Cicero aliandika kitabu chake juu ya uzee mwaka 44 kabla ya Kristo, na akamweka Cato, mzee wa miaka 84, aseme ndani yake. Miongoni mwa hoja za Cato ni hii, kwamba upumbavu unaoitwa wa kizee si wa wazee wote bali ni wa wale waliokuwa wepesi wa akili tangu mwanzo. Hoja hiyo si ya kitabibu, na daktari wa leo hawezi kuikubali kama ilivyo, kwani ugonjwa wa ubongo humpata hata mwenye hekima. Lakini Cicero alikuwa ameona mtego uliomo katika senilis.

Madhara ya mtego huo yaonekana wazi katika historia ya ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka 1901 mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, aliletwa katika hospitali ya Frankfurt, Ujerumani. Alikuwa akisahau, akimshuku mumewe, na hata jina lake mwenyewe lilimshinda kuliandika. Alipokufa mwaka 1906, daktari Alois Alzheimer aliuchunguza ubongo wake, akakuta ndani yake madoa na nyuzi zilizosokotana, akaeleza habari hizo mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen mnamo Novemba mwaka huo. Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliupa ugonjwa jina la Alzheimer katika kitabu chake cha kufundishia. Lakini kwa kuwa mgonjwa yule hakuwa mzee, ugonjwa wake uliwekwa katika fungu la "presenile", yaani wa kabla ya uzee. Wagonjwa wa miaka 75 au 80 waliobaki nje ya fungu hilo waliendelea kuitwa "senile", na ikadhaniwa kwamba yaliyowapata ni maumbile tu.

Kwa zaidi ya nusu karne, basi, silabi moja iliwatenga wagonjwa wawili wenye ubongo wa namna moja. Wa kwanza alikuwa na ugonjwa, nao ulistahili kutafutiwa sababu. Wa pili alikuwa na umri, nao haukuwa na la kufanywa. Mwaka 1968 madaktari wa Newcastle, Uingereza, Blessed, Tomlinson na Roth, walihesabu madoa katika bongo za wazee waliokufa, wakaona kwamba kadiri mtu alivyopotewa na akili ndivyo madoa yalivyokuwa mengi. Mwaka 1976 Robert Katzman wa Marekani aliandika bayana kwamba ugonjwa wa vijana na ule wa wazee ni mmoja, na kwamba ukihesabiwa hivyo ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watu wengi. Hakuna aliyekuwa amevumbua dawa. Mpaka kati ya maneno mawili ulikuwa umefutwa, basi. Lakini tangu hapo utafiti ulianza kutafutiwa fedha, na leo Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimensia, wengi wao katika nchi zisizo tajiri, huku likisisitiza kwamba dimensia si sehemu ya kawaida ya kuzeeka.

Neno katika daftari la hospitali

Hapa ndipo suala la tafsiri linapoacha kuwa mchezo wa wanaisimu. Chukuliwe mfano wa bibi wa miaka 75 anayeletwa na wajukuu wake kwa sababu tangu juzi anaweweseka, anaita watu waliokwisha kufa na hajui kama ni mchana au usiku. Muuguzi aliyefundishwa kwamba "senile" ni uzee, na uzee ni "senile", atasema: ni uzee tu. Sentensi hiyo ina heshima ndani yake, wala haikusudii ubaya. Hata hivyo yaweza kuua. Akili inayovurugika katika muda wa saa au siku chache haivurugwi na umri, kwani umri hauji ghafla. Huenda bibi ana malaria, au homa ya mapafu, au maambukizi ya njia ya mkojo, au dawa alizopewa zinagombana mwilini mwake. Na hata kama akili imepungua polepole, kwa miezi au miaka, zipo sababu zinazotibika: upungufu wa vitamini B12, huzuni kubwa iliyofichika, damu iliyovuja chini ya utando wa ubongo baada ya kuanguka, au uvivu wa tezi ya shingo.

Inasimuliwa kwamba Ignatz Nascher, alipokuwa mwanafunzi wa utabibu huko New York, alimwona mwanamke mzee akilalamika katika nyumba ya maskini. Mwalimu wake alijibu kwamba ugonjwa wa mama yule ni uzee, na kwamba hakuna la kufanya. Nascher hakulisahau jibu hilo. Mwaka 1909 alibuni neno "geriatrics" kwa ajili ya tawi la utabibu linalowatibu wazee, kwa mfano wa lile linalowatibu watoto.

Nje ya hospitali, sehemu nyingine zinazosema Kiswahili zinajua hatari nyingine zaidi. Katika Usukuma, Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni yalihesabiwa kuwa ushahidi. Mzee anayetangatanga usiku na kusema na wasioonekana hana budi kupewa maelezo fulani na watu wanaomzunguka. Likikosekana jina la ugonjwa, jina jingine hupatikana upesi.

Isidhaniwe kwamba wakubwa wa dunia wameshinda tatizo hili. Katika toleo la 10 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoidhinishwa mwaka 1990, lilikuwamo fungu la "senility", na chini yake liliorodheshwa pia "senescence", kana kwamba ni kitu kimoja. Toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, lilikusudia kwanza kuweka "old age", yaani uzee, mahali pa neno lile la zamani. Wataalamu na watetezi wa wazee walipinga wakisema kwamba uzee si ugonjwa, na mahali pake pakaandikwa maneno marefu yenye maana ya kupungua kwa uwezo wa mwili na akili kunakofuatana na umri. Mwezi Septemba wa mwaka huo huo Malkia Elizabeth wa Pili alikufa Scotland akiwa na miaka 96, na katika cheti chake cha kifo sababu iliyoandikwa ilikuwa moja tu: "old age".

Njia za Kiswahili

Kiswahili si maskini katika jambo hili, ila utajiri wake haukai katika msamiati peke yake. Sehemu kubwa imo katika sarufi.

Kwanza kitenzi. Kutokana na -zee lugha imejiundia zeeka, kama ilivyounda refuka kutokana na -refu na fupika kutokana na -fupi. Kitenzi hicho kina mwendo ule ule wa senescere, na alama za nyakati hukikata kwa usahihi ambao Kiingereza hakina. Anazeeka ni mtu aliyemo njiani. Amezeeka ni mtu aliyefika. Hivyo "senescent" lapata tafsiri yake bila kuundiwa neno jipya: majani yanayozeeka, mti unaozeeka. Na kwa jina la mwendo wenyewe, kuzeeka latosha. Wanaopenda uzeekaji wana haki yao, na katika orodha ya istilahi lafaa, maadamu lisichanganywe na uzee, ambao ni hali na tena ni daraja.

Daraja hilo halina budi kutiliwa mkazo. Mzee ni cheo kabla ya kuwa umri. Laurent-Désiré Kabila alikuwa na miaka 57 alipotwaa madaraka mwaka 1997, naye aliitwa Mzee na nchi nzima. Kabla yake Jomo Kenyatta aliitwa hivyo Kenya. Penye wazee haliharibiki neno, husema Waswahili, nao hawana habari ya "senile" hata chembe. Mfasiri anayeandika mzee mahali pa "senile" hulitia neno la baraza katika wodi ya wagonjwa.

Je, Kiswahili hakina hukumu ya aina ya "senile"? Kinayo, na ni kali, ila imefichwa katika ngeli. Mzee yumo katika ngeli ya m-wa pamoja na mtu, mwalimu na mfalme. Akivikwa ki- huwa kizee, na akizidi huwa kikongwe. Hapo amehamishwa akawekwa pamoja na kipofu, kiziwi, kiwete na kilema. Kwa kawaida upatanisho wa kisarufi humhifadhia utu wake, na husemwa kizee huyu amekuja. Msemaji mwenye dharau huondoa hata huo, akasema kizee hiki kimekuja. Mwenye hasira hupita upande wa pili, wa ukubwa, akasema zee hili limekuja. Umri haujabadilika katika sentensi hizo tatu; kilichobadilika ni kiasi cha utu anachoachiwa mtu. Kiswahili cha Katanga na Kivu, chenye ka- na tu- kama katika katoto na tutoto, chaweza kumfanya mzee mdogo kwa namna ambayo huwa huruma au kejeli kadiri ya sauti ya msemaji.

Yafaa kuangalia pia kwamba -kongwe, lililotokana na kitenzi konga, yaani kudhoofu kwa umri, likibaki na m- halidhalilishi: mwimbaji mkongwe ni sifa. Na ajuza, neno la Kiarabu linalomtaja bibi wa miaka mingi sana, limetoka katika shina la kushindwa, lile lile lililoleta ajizi, na lile lile lililoleta muujiza, yaani jambo linalowashinda wengine kulitenda. Ukoo huo ni wa ajabu kuliko ule wa seneta na "senile".

Basi, anayefasiri riwaya au hotuba ambamo mwanasiasa anamwita mpinzani wake "senile" hana haja ya kutafuta kivumishi. Zee hili latosha, au tamko la watu kwamba amerudi utotoni. Lakini katika maandishi ya utabibu njia hiyo haifai kabisa, na hapo Kiswahili kina chombo kingine, kidogo na bora: kiambishi -ni. Kati ya ugonjwa wa uzee na ugonjwa wa uzeeni pana tofauti kubwa. Wa kwanza wadai kwamba uzee ndio mzazi wake. Wa pili wasema tu wakati unapotokea, kama vile surua huitwa ugonjwa wa utotoni bila mtu yeyote kufikiri kwamba utoto ni maradhi. "Senile dementia" ya vitabu vya zamani itakuwa dimensia ya uzeeni. "Senile cataract", ambayo madaktari wengi sasa huiita kwa maneno yenye maana ya "inayofuatana na umri", itakuwa mtoto wa jicho wa uzeeni. Na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, jambo ambalo jamaa za mgonjwa hawataliuliza wakiambiwa kwamba babu haoni kwa sababu ya uzee.

Limebaki fundo moja ambalo sarufi haikulifungua. Mwaka 2011 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliwaondolea panya seli "senescent" na wakaona kwamba baadhi ya maradhi ya uzeeni yalichelewa. Tangu mwaka 2015 dawa zinazokusudia kuua seli hizo zimepewa jina lao wenyewe, nazo zinajaribiwa kwa binadamu. Makala za namna hiyo zitazidi kufika mikononi mwa wanafunzi, na seli zilizozeeka itaonekana kuwa tafsiri ya kutosha. Lakini mwaka 2013 ilithibitishwa kwamba seli za aina hiyo huonekana hata katika kiinitete, tumboni mwa mama, ambako husaidia kuunda viungo kisha hutoweka. Huko hakuna kilichozeeka, wala hakuna hata kilichozaliwa. Pale Kiingereza kimenyoosha neno la umri mpaka likaacha umri nyuma, na mfasiri wa Kiswahili halazimiki kulifuata: seli zilizokoma kugawanyika zaweza kusemwa hivyo hivyo, katika kiinitete na katika goti la babu.